Toleo la Nane Litadumu Miaka Mia Tano

Lango la Maji Na. 61, Khlong Takhian
3 Juni 2568

Mpwa wangu Uduvi,

Hujambo huko Bangkok? Mimi sijambo, ila mgongo tu, ambao haujanisalimia vizuri tangu mafuriko ya mwaka juzi. Nakuandikia kwa mfuko wa barua za shirika kwa sababu simu siisikii, masikio niliyaacha ndani ya pampu zamani. Na hii kompyuta ya majaribio mliyoniletea mmeipiga marufuku kutuma kitu nje ya lango, imefungiwa ndani kama mwari. Basi barua inapanda gari la grisi, Jumanne na Ijumaa, inakaa kati ya madebe. Ukiona doa, usidhani nimelia.

Ripoti yangu ni hii. Huu mfumo endeshi wenu, Toleo la Nane, nimekaa nao miezi miwili na hatujagombana. Asubuhi nauwasha, nakunywa kahawa, nao unaamka. Nikibonyeza hapa lango linapanda, nikibonyeza pale linashuka. Una adabu kuliko Mama Lamduan muuza supu ya tambi hapa mlangoni, ambaye nikimbonyeza neno moja hupanda tu, hashuki. Mtu wa darasa la nne atake nini tena?

Fomu yenu ya kurasa sita nimeijaza yote kwa mkono wangu, kisanduku kwa kisanduku. Hata pale mlipoandika "maoni mengine" nimejaza: kiti kibovu.

Sasa nijibu bila kunizungusha. Nasikia kituo ambacho toleo lake litashinda kitapewa ngao, na picha ya msimamizi itatundikwa ukumbini makao makuu. Mimi nastaafu mwisho wa Septemba. Miaka thelathini na moja nimefungulia watu maji, na picha yangu pekee iliyomo kwenye shirika ni ya kitambulisho, nimefumba macho. Tunashinda au hatushindi?

Mjomba wako,
Thuan


Makao Makuu, Shirika la Malango ya Maji
Bangkok, 6 Juni 2025

Mjomba Thuan, shikamoo.

Kwanza, tafadhali usiandike "Uduvi" juu ya bahasha. Hilo ni jina la nyumbani. Mhudumu wa masjala ameleta barua yako akaitangaza ukumbi mzima: "Uduvi ni nani? Uduvi ana barua!" Mimi hapa ni Orathai, katibu wa kamati, nina watu tisa chini yangu, na wote tisa sasa wanatabasamu nikipita.

Pili, ngao si jambo kubwa. Jambo kubwa ni hili, na naomba ulisome polepole. Tuna malango 214 na kompyuta 5,800, na kila moja ina mfumo wa umri wake kama nguo za mtumba. Kamati inachagua toleo moja la kuweka kote. Toleo la Nane na Toleo la Kumi ndiyo yamebaki. Tarehe 27 Juni bodi inakutana, mimi natia sahihi, na baada ya hapo hakuna kurudi nyuma mpaka miaka saba ipite.

Unajua kwa nini silali, Mjomba. Mtengenezaji anapoacha kulitunza toleo, hatumi viraka tena. Tundu likionekana, linabaki wazi, na wezi wanalijua. Mwaka juzi langoni kwako palikuwa na Toleo la Tano, lililoachwa bila matunzo. Kirusi kikaingia, kikafunga kila kitu, lango likakataa kufunguka siku mbili. Vijiji vitatu vilipoteza mpunga. Wewe ulilizungusha gurudumu kwa mikono na ndiyo maana mgongo haukusalimii. Sitaki kutia sahihi jambo kama hilo mara 214.

Mimi nalitaka la Kumi kwa sababu ni jipya na litatunzwa muda mrefu. Lakini kamati inakwenda kwa alama, na mwenye kauli ni mwenyekiti, Khun Damrong (hilo Khun la heshima hapa hakuna anayethubutu kuliacha). Yeye hasemi kitu. Anakunywa chai tu na kuniangalia.

Mpwa wako,
Orathai


Lango Na. 61
10 Juni 2568

Kwa Mheshimiwa Katibu Orathai, mwenye watu tisa (ambaye nimempakata akanikojolea, mara mbili),

Barua yako nimeipata, imenukia grisi na cheo. Ila nimeshangaa. Juu yake umeandika mwaka 2025. Huku kwetu kalenda ya hekalu inasema 2568, na mtawa mkuu hajatangaza kwamba tunarudi nyuma. Huko Bangkok mnaishi zama za vita na tembo? Nikija nilete upanga?

Nimecheka, usinune. Najua ni miaka ya Wazungu, kompyuta zenu zimezaliwa nayo. Nimemweleza Mama Lamduan kwamba kwa hesabu ya ofisini yeye bado karibu miaka mia tano azaliwe. Kanipa nyama ya ziada.

Kuhusu mafuriko, umesema kweli na sina mzaha nalo. Nakumbuka mzee Phian amesimama kwenye tuta, maji yanameza shamba lake, anapiga kelele, "Thuan, fungua!" Nami nikamjibu, "Ninafungua!" na lango limekaa kama mlima. Siku ile nilitamani niwe na mgongo wa punda.

Lakini Nane haijanikosea. Hiyo Kumi ni ya vijana wa Lango Na. 3, wanaokunywa kahawa yenye povu. Mimi nasimama na Nane yangu. Khun Damrong akikuangalia, mwangalie nawe, ila usipepese macho kwanza.

Thuan


Bangkok, 17 Juni 2025

Mjomba,

Mmeshinda. Nane imepata alama 91, Kumi 87. Ngao yako inachongwa jina, na mpiga picha atakuja Ijumaa ijayo. Hongera, nakunjua viganja nakupigia makofi, lakini moyoni sina furaha hata kidogo.

Nakuambatishia karatasi ya alama ujionee. Kwa wepesi, kwa usalama, kwa kuelewana na mitambo ya malango, Kumi imeongoza kote: 66 kwa 61. Iliyoibeba Nane ni kisanduku kimoja tu, "muda wa matunzo uliobaki", chenye alama thelathini. Kila mwaka uliobaki ni alama tatu, na miaka kumi na kuendelea inapewa alama zote. Kumi imepata 21. Nane, toleo kuukuu, imepata 30 kamili! Hilo haliwezekani. Mtu ameingiza mkono.

Na mtu huyo namjua. Khun Damrong amekula chakula cha mchana mara mbili na muuzaji wa Toleo la Nane. Nimeona kwa macho yangu, mara ya pili walikula samaki mzima wa kukaanga. Nilipomuuliza kuhusu alama alisema, "Alama ni alama, Khun Katibu. Au wewe una la kuniambia?" Akanitazama mpaka nikatoka.

Nimeamua. Tarehe 27, mbele ya bodi nzima, nitasimama na kumtaja. Wakinifukuza wanifukuze.

Orathai


Lango Na. 61
20 Juni 2568

Mpwa wangu,

NGAO! Nimekwenda kwa kinyozi. Shati jeupe limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe. Mama Lamduan ameniambia nikitabasamu kwenye picha nifunge mdomo kwa sababu ya lile pengo. Nimemwambia pengo ndilo litakalonitambulisha.

Hiyo karatasi ya alama sijaisoma, miwani ameikalia mtu (mimi). Usitafute mchawi. Yaani katika maisha yangu yote nimeshinda kitu kimoja, na mpwa wangu mwenyewe anasema nimebebwa? Nane ni bora, na wazee tuna macho. Na kumshtaki mkubwa mbele ya wakubwa wenzake, mtoto wa dada yangu, hilo halifanywi hata na mlevi sikukuu ya kumwagiana maji. Utamvunjia heshima, naye hatakuwa na njia ila kukuvunja wewe.

Kaa chini. Kunywa maji. Niambie mpiga picha anakuja saa ngapi.

Thuan, Mshindi


Lango Na. 61
22 Juni 2568

Mpwa wangu,

Hujanijibu na mimi naandika tena, kwa hiyo ujue kuna jambo. Nimeifunga miwani kwa waya nikaisoma ile karatasi.

Nakuomba kitu kimoja. Alama ni jibu tu. Iko wapi hesabu yenyewe? Mwombe fundi wa jedwali la kompyuta akuchapishie safu iliyofichwa, ile yenye idadi ya miaka iliyobaki kabla haijageuzwa alama. Usimtaje mtu yeyote kabla hujaiona.

Usiniulize kwa nini nauliza. Ni mzee tu, usingizi umenipaa.

Thuan


Bangkok, 24 Juni 2025

Mjomba! Wewe ni mganga!

Nimeipata. Fundi amenichapishia safu ile. Toleo la Kumi: imebaki miaka 7. Toleo la Nane: imebaki miaka 545.

Mia tano arobaini na mitano! Hata hakujisumbua kuandika uongo wenye aibu kidogo. Angeandika kumi na moja ningeamini. Amejua kwamba jedwali linakomea kwenye miaka kumi, kwamba bodi inaona alama tu, na kwamba hakuna atakayefunua. Sasa ninao ushahidi mkononi. Nimetoa nakala kumi na mbili, moja kwa kila mjumbe. Ijumaa nitaziweka mezani kabla chai haijamiminwa, kisha nimwombe Khun Damrong atueleze ni mtengenezaji gani huyo.

Jana nimepishana naye kwenye ngazi. Akasema, "Khun Katibu, bado kuna muda wa kusema ukweli." Yeye! Ananiambia mimi! Nilitaka kumpiga na faili.

Nimelia, nimecheka. Niombee.

Orathai


Lango Na. 61
25 Juni 2568
KWA MKONO WA DEREVA. ASIPEWE MTU MWINGINE.

Orathai,

Ona, nimekuita kwa jina lako lote. Ujue ni msiba.

Choma zile nakala kumi na mbili. Khun Damrong hajaiba kitu. Mwizi ni mimi, na hata sikujua naiba.

Kwenye fomu yenu mliuliza: "Matunzo ya mtengenezaji yataisha mwaka gani?" Nikaangalia karatasi ya boksi, imeandikwa 2027. Nikasema, Thuan, hii ni miaka ya Wazungu, na shirika letu ni la serikali ya nchi ya Buddha, litataka mwaka wetu. Nikajumlisha mia tano arobaini na tatu kwa vidole, vidole vikaisha, nikaazima vya Mama Lamduan. Nikaandika 2570, kwa mwandiko mzuri, nikapigia mstari. Wale vijana wa kahawa ya povu waliandika 2032 kama walivyoikuta, kwa uvivu. Jedwali lenu linaishi 2025. Likatoa 2025 kwenye 2570 yangu. Fanya hesabu, mwenye digrii mbili.

Kwa hiyo Nane itatunzwa mpaka mwaka wetu wa 3113. Mtengenezaji atakuwa amekufa na kuzaliwa upya mara nane, ya mwisho kama kenge, na bado atatutumia viraka kutoka mtaroni. Ukweli ni kwamba imebakiza miaka miwili tu. Halafu ni mwaka juzi tena, na safari hii kila lango.

Sasa aibu yenyewe. Nililijua hili tangu tarehe 22, niliposoma ile karatasi na kukumbuka mstari wangu. Ndiyo maana nikakutuma kwenye safu iliyofichwa. Nilitaka uligundue wewe, lionekane kosa la mashine, na mimi nibaki na ngao yangu na shati langu. Sikudhani ungefungua safu ile halafu umwone shetani mle ndani. Umenifundisha kitu: mtu mwenye hasira hawezi kutoa wala kujumlisha.

Fanya hivi. Usilitoe jambo hili mbele ya bodi. Ijumaa asubuhi, kabla ya kikao, ingia ofisini kwa Khun Damrong, funga mlango, weka viganja pamoja, inama vizuri, na mpe fomu yangu ya asili. Mwambie, "Mjomba wangu mjinga wa darasa la nne ametuharibia hesabu." Mwache acheke yeye kwanza. Kisha mwachie yeye alipeleke mbele ya bodi. Mkubwa akilivumbua kosa yeye mwenyewe, hulisahihisha kwa madaha. Akivumbuliwa, hulizika, na wewe ndani yake.

Nimeambatisha barua ya kukiri, imetiwa sahihi na kidole gumba juu, kwa uhakika. Mpiga picha mwambie asije.

Thuan


Bangkok, 28 Juni 2025

Mjomba wangu,

Kaa kitini, hata kama ni kile kibovu.

Dereva alinikuta getini saa moja na nusu asubuhi, nakala kumi na mbili zikiwa kwapani. Nilisoma nimesimama. Kisha nikaziingiza zote kwenye mashine ya kukata karatasi, nikaenda kugonga mlango wa Khun Damrong.

Nikafanya kama ulivyosema. Akaisoma fomu. Akaisoma barua yako ya kukiri, ambamo umerudia hata vidole na kenge. Akaondoa miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Halafu bega moja likaanza kutikisika, halafu la pili, na mwenyekiti wa kamati ambaye sijawahi kuona meno yake akacheka mpaka akashika meza.

"Ameazima vidole vya muuza supu!" akasema. "Binti, kaa. Kaa! Unajua mimi nilidhani ni nani?"

"Sijui, Khun Damrong."

"Nilidhani ni wewe."

"Mimi!"

"Toleo bovu linashinda kwa kisanduku kimoja. Nauliza, limejaribiwa wapi? Lango Na. 61. Nani yuko pale? Mjomba wa katibu wangu, na anapewa ngao. Nikajiambia, Damrong, nyamaza, usimwaibishe mtoto wa watu, mpe muda aseme mwenyewe. Kila siku nakuangalia, husemi. Nimekunywa chai mpaka tumbo linauma!"

Mjomba, nilitaka sakafu inimeze. Nikamwuliza, kwa sauti ndogo, kuhusu yule muuzaji na samaki.

"Alikuja kunibembeleza. Nikala samaki wake, nikamwambia Nane siitaki. Akarudi na samaki mkubwa zaidi. Nikala, nikamwambia bado siitaki. Wewe ungemwacha samaki wa watu?"

Waza! Mimi ningesimama mbele ya bodi nimwite mwizi, naye angesimama aniite mwizi, na Nane ingepita katikati yetu inapiga mluzi.

Kikao kilianza saa nne. Alisimama yeye. Akasema kwa sauti ya taratibu, "Waheshimiwa, kabla ya sahihi, naomba tuamue kama shirika liko tayari kuingia mkataba hadi mwaka 3113." Kisha akaeleza, akasoma barua yako yote, na alipofika kwa kenge wa mtaroni, mjumbe kutoka wizarani alimwaga chai. Mahesabu yakarudiwa palepale ukutani: Nane imepata alama 6 badala ya 30, imeshuka hadi 67. Kumi imebaki na 87. Mikono kumi na miwili ikapanda, hata wa yule aliyemwaga chai, akijifuta kwa mwingine.

Nimetia sahihi. Toleo la Kumi, malango 214, kompyuta 5,800.

Na kila fomu ya shirika sasa itaandikwa pembeni mwaka ni wa hesabu gani. Hilo ni agizo, na wafanyakazi wameshalipa jina: Kanuni ya Thuan. Khun Damrong ameuliza lango gani lianze, nikasema lolote. Akasema, "Hapana. Lianze la mtu anayeweza kujishtaki mwenyewe." Mafundi watafika kwako tarehe 15 Julai. Wape chakula, wanakula sana.

Mpwa wako anayekupenda,
Uduvi


Lango Na. 61
24 Septemba 2568, yaani 2025 ya Wazungu (nafuata kanuni, ambayo nasikia ilitungwa na mtu mwenye busara)

Mpwa wangu,

Maji yamekuja. Wiki nzima mvua ya kaskazini, na Jumatatu mto ulikuwa unagusa alama nyekundu, rangi ya chai ya maziwa, unabeba migomba na kuku mmoja aliyekaa juu ya mlango wa mtu.

Kirusi nacho kimekuja, kama kawaida yake, kinajua msimu. Mafundi wenu walinipigia, Mama Lamduan akanisikilizia simu na kunipigia kelele kila neno: kimefunga ofisi nyingi mikoani, kinaingia kwa tundu jipya. Nikaangalia kompyuta. Pale pembeni pameandikwa kwamba kiraka kimefika Alhamisi iliyopita na kimeshajishona chenyewe, mimi sina habari, nilikuwa navua kambale.

Saa tatu asubuhi nikabonyeza. Mlango wa kwanza wa lango ukapanda, wa pili, wa tatu, wa nne, polepole kama wakubwa wanaoinuka kwenye karamu. Mto ukageuka, Uduvi. Ukageuka mbele ya macho yangu ukaingia kwenye mfereji wa bondeni, kule hakuna mpunga wala mtu. Mzee Phian alikuwa kwenye tuta na vijiji vyote vitatu nyuma yake, wamebeba vikapu na magodoro tayari kwa kukimbia. Akapiga kelele, "Thuan, fungua!" Nikamjibu, "Nimeshafungua, zee wewe, tazama chini!" Akatazama. Shamba lake liko pale, kijani, kavu miguuni. Basi wakaanza kupiga masufuria, watoto, bibi, wote, kelele ambazo hata mimi nimezisikia.

Dereva anasema malango yote arobaini mliyokwisha kuyawekea Kumi yamepanda saa ileile, hata moja halikugoma. Mwambie Khun Damrong. Na samaki akila safari hii, ale kwa raha.

Nimebakiza siku sita kazini. Mchana ule walinitafuta kila mahali ili wanibebe mabegani, wakanikuta chumba cha pampu, kwenye kile kiti kibovu, nimelala fofofo. Miaka thelathini na moja ya mafuriko, Uduvi, na haya ndiyo ya kwanza kunipita nikiwa usingizini.

Mjomba wako,
Thuan